Vidonge vya Mwisho wa Mwezi

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza saa nne asubuhi na hasira yangu ikaanza saa saba. Afadhali niiandike kuliko kuwamwagia wateja. Daftari hili lilikuwa la kuorodhesha dawa zilizopungua dukani. Mwenye duka sasa anatumia kompyuta, alitaka kulitupa, nikalichukua.

Kawaida naenda kwa Mama mwisho wa mwezi. Leo nimeitwa katikati ya kazi. Nimekuta kaptula za shule kumi na mbili zimekatwa, na zote ni za mguu wa kushoto. Mguu wa kulia hakuna hata mmoja. Mama amekaa katikati ya vitambaa, futi imening'inia shingoni, anavigeuza huku na huku anatafuta kosa na halioni. Amekuwa fundi wa sare miaka arobaini na miwili, chumba kilekile cha mbele, cherehani ileile ya kukanyaga. Watu wazima wa mtaa huu wenye vitambi vyao walipimwa viuno na yeye wakiwa darasa la kwanza.

Nilipomwonyesha, alisema vitambaa vya siku hizi ni vibovu.

Aliyeniita ni wifi yangu, mke wa kaka. Alikuwa amesimama mlangoni na kanga mabegani, anatikisa kichwa kama mtu aliyeshinda ubishi.

Jumatano, Machi 5

Mvua. Mteja mmoja ametaka dawa kali ya kikohozi bila cheti cha daktari. Nimemsema hadi watu wa foleni wakaanza kumwonea huruma. Nimemwambia dawa si karanga, mtu hatafuni tu kwa sababu ziko karibu. Miaka kumi na minane nyuma ya kaunta hii, na bado watu hawasikii.

Jumapili, Machi 9

Kikao kwa Mama. Kikao chenyewe ni Kaka anaongea, sisi tunasikiliza. Kaka ni fundi umeme, na anaamini kila kitu duniani kina swichi. Anasema Mama ana ugonjwa wa kusahau, umeshaingia, hakuna la kufanya. Anamjengea chumba nyuma ya nyumba yake, mitaa miwili kutoka hapa. Mvua zikiisha, mwisho wa Mei, Mama anahamia huko, nyumba inafungwa, cherehani apewe mtu mwenye akili zake.

Alisema hivyo Mama akiwa chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi.

Nikamwambia Kaka kwamba Mama bila cherehani atakufa kabla rangi ya chumba haijakauka. Akasema basi nimchukue kwangu. Anajua fika kwangu ni chumba na sebule, ghorofa ya tatu, na naondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimekubali jambo moja tu: hadi mwisho wa Mei. Mama akiwa sawa anabaki kwake, asipokuwa sawa anahama.

Jumanne, Machi 11

Mvua, mvua, mvua. Dari la dukani linavuja juu ya rafu ya dawa za watoto.

Ijumaa, Machi 14

Nimekuta kitu leo chooni kwa Mama, na damu imenichemka hadi sasa.

Nyuma ya mlango kuna msumari. Kwenye msumari kumening'inizwa daftari la shule, la mistari, limefungwa na uzi wa cherehani. Ndani mwandiko wa Wifi: Jumatatu, hakuna. Jumanne, hakuna. Jumatano, kidogo, kigumu. Alhamisi, hakuna. Kurasa na kurasa, tangu mwaka juzi. Wifi anaandika choo cha mama yangu!

Nikamtafuta jikoni. Hakuona hata haya. Alisema Mama ana shida ya kukosa choo tangu ujana wake. Fundi akikata kitambaa hainuki, na asipotaka kuinuka hanywi maji, basi akawa anajizuia mwaka hadi mwaka mpaka utumbo nao ukazoea kukaa kimya. Akasema amemsikia daktari redioni: tumbo na kichwa ni majirani wanaosikilizana, na watu wenye matumbo mabovu kwa miaka mingi wengi wao huanza kusahau. Kwa hiyo anamletea uji wa nafaka isiyokobolewa, papai, maharage na chupa mbili za maji, na anasimama hapo hadi ziishe.

Nilicheka. Nilimwambia mimi ndiye ninayeshinda na dawa, na sijaona mtu aliyesahau jina lake kwa kukosa choo. Tangu leo namwita Waziri wa Choo. Simwambii usoni, lakini nimemwambia mwenzangu wa dukani na tumecheka hadi chozi.

Jumatatu, Machi 17

Mama ameniita kwa jina la dada yake marehemu. Nikaitika.

Jumamosi, Machi 22

Analalamika miguu inawaka, kama amekanyaga siafu. Anatembea akishika ukuta. Kaka anasema ni uzee. Kwa Kaka kila kitu ni uzee, hata mvua.

Jumatatu, Machi 31

Mwisho wa mwezi. Nimempelekea Mama vidonge vyake vya kupunguza asidi tumboni, kama kila mwisho wa mwezi. Mwenye duka anaturuhusu kuchukua dawa zinazokaribia tarehe yake, na za tumbo huwa hazikosekani. Mtoto wa muuza samaki hali maharage kila siku, na mama wa muuza dawa hanunui dawa.

Alinipokea vizuri leo. Alijua ni mimi. Akaviweka kwenye droo ya cherehani, akaniuliza habari za kazi, nikakaa hadi kigiza kilipoanza kuingia. Siku nzuri pekee ya mwezi huu.

Jumatano, Aprili 9

Mama ameanguka.

Saa tano asubuhi, akikimbilia choo. Wifi alikuwa amempa maji ya majani fulani ya kufungua tumbo, aliyopewa na jirani, na tumbo likafunguka kama bomba la mtaa. Mama hakuwahi. Ameteleza kwenye korido, goti limevimba, amejichafua, na majirani wawili wameona. Mwanamke aliyewapima watu wazima wote wa mtaa huu, leo mtaa ndio umempima yeye.

Nilitoka kazini na koti la kazi mwilini. Nimemwosha mwenyewe. Alikuwa anauangalia ukuta tu, na machozi yanatoka taratibu. Ningekuwa na nguvu ya kubomoa nyumba ningeibomoa.

Kaka alipofika nilimmwagia yote. Nilisema mkewe anamnywesha mama yetu majani asiyoyajua, nilisema huko kuchanganyikiwa kote pengine kunatoka kwenye masufuria yake, nilisema kikulacho ki nguoni mwako. Wifi alikuwa amesimama palepale na ndoo na kitambaa, anapiga deki. Alisema ni kosa lake kuhusu majani, hilo halikatai, lakini Mama asiachwe bila kuulizwa habari za choo. Kaka akamkatiza. Alimwambia kuanzia leo asikanyage tena kwa Mama, na mimi ndiye nitakayemwangalia.

Nikaenda chooni, nikang'oa lile daftari msumarini, nikalitupa nje kwenye pipa. Mvua ilikuwa inanyesha. Nimejisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu uanze.

Ijumaa, Aprili 11

Nampitia asubuhi kabla ya kazi na jioni nikitoka. Namwachia mkate na chai kwenye chupa. Nimemuuliza tumbo vipi, akasema salama.

Jumatatu, Aprili 14

Tumbo vipi, Mama? Salama.

Alhamisi, Aprili 17

Salama.

Jumapili, Aprili 20

Salama. Lakini hali chakula vizuri. Mkate wa asubuhi nimeukuta jioni, umeumwa mara moja. Nimekasirika nikamwambia mimi si mtumishi, nakimbia na mvua kutoka upande wa pili wa mji ili mkate uote ukungu? Akaniomba radhi kama mteja aliyechelewa kuchukua nguo zake. Nilijifungia jikoni nikalia kwa hasira.

Jumatano, Aprili 23

Amenifungulia mlango akaniuliza mtoto ni wa darasa la ngapi. Alitaka kunipima. Nikasimama nikapimwa, kifua, kiuno, urefu wa sketi. Vipimo alivyoita kwa sauti vilikuwa sahihi kabisa. Hakujua tu vilikuwa vya nani.

Ijumaa, Aprili 25

Kaka amesema chumba kimepigwa plasta. Nimekata simu.

Jumanne, Aprili 29

Sijaandika siku nne. Nitaandika yote sasa, nimekaa kwenye benchi la wodi, na penseli ya muuguzi.

Jumapili mchana nilimkuta Mama sakafuni chini ya cherehani, amekumbatia majora ya kitambaa, anabishana na dada yake aliyefariki miaka ishirini iliyopita kuhusu nani alichukua mkasi. Midomo imekauka. Nilipomshika anyanyuke alipiga yowe na kunipiga kofi, kofi la kweli. Tumbo lilikuwa limejaa na gumu kama ngoma iliyowambwa. Nilimpigia Kaka, tukampeleka hospitali kwa gari la jirani.

Daktari ni msichana mdogo, miwani mikubwa, angeweza kuwa mwanangu. Alimbonyeza Mama tumbo polepole, kona moja hadi nyingine, halafu akauliza swali moja tu: mara ya mwisho amepata choo lini?

Kaka akanitazama mimi. Nilifungua mdomo nikasema salama. Ndiyo, hilo ndilo jibu nililompa daktari, salama, kama kasuku. Akarudia: lini? Sikujua. Mimi, mwenye miaka kumi na minane ya kuuliza watu mara ngapi kwa siku, sikujua.

"Tarehe kumi na sita," mtu akasema nyuma yetu. "Siku kumi na moja leo. Na hiyo tarehe kumi na sita ilikuwa kidogo."

Alikuwa Wifi, amelowa chapachapa, na lile daftari mkononi. Kurasa zimevimba kwa maji, wino umechuruzika, lakini mwandiko unasomeka. Alikuwa ameliokota kwenye pipa siku ileile. Na tangu alipokatazwa kuingia, alikuwa anapita kila asubuhi nikishaondoka, anasimama dirishani nje kana kwamba ameleta nguo ya kupindwa, anamuuliza Mama. Mimi Mama alikuwa ananijibu salama. Yeye alikuwa anamwambia ukweli, kwa sababu yeye alikuwa anauliza anataka kujua. Alimpigia Kaka simu mara mbili wiki iliyopita kumwambia hali ni mbaya. Kaka hakumwamini, alidhani ni ubishi wa mawifi. Mimi ndiye niliyemfundisha asimwamini.

Daktari alilichukua daftari na kulisoma kwa makini, ukurasa kwa ukurasa, kama barua kutoka nyumbani. Alisema angekuwa na ndugu kumi wa wagonjwa wanaoandika hivi, kazi yake ingekuwa nusu.

Walimhudumia jana na juzi. Sitaandika namna, Mama ana heshima yake. Leo asubuhi amefungua macho akaniuliza kwa nini sijaenda kazini. Anajua siku. Anajua ni mimi. Alimwona Wifi akamwambia uji wake wa jana ulikosa chumvi, na hakukuwa na uji jana, lakini tulicheka wote.

Daktari ametueleza mimi na Wifi. Mzee akifunga choo kwa muda mrefu na akakosa maji, akili inaweza kuvurugika ghafla, na hiyo ikirekebishwa inarudi. Lakini chini ya huo mvurugo kuna usahaulifu wa zamani zaidi, ule wa kaptula, na huo anataka kuutafuta chanzo. Wifi alimuuliza kuhusu redio, kama ni kweli tumbo linaharibu kichwa. Daktari alisema watafiti wameona mara nyingi vitu hivyo viwili vikitembea pamoja, lakini nani anamvuta mwenzake, hawajakubaliana. Alimjibu kwa heshima, kama mtu anayejibu mtu mwenye akili. Nilitazama viatu vyangu.

Ameniagiza kesho nilete kila dawa anayokunywa Mama, yote, kwenye mfuko mmoja.

Jumatano, Aprili 30

Nimepeleka mfuko. Kulikuwa na kitu kimoja tu cha kupeleka.

Daktari alivimwaga vile vidonge mezani. Akauliza amekunywa muda gani. Nikasema tangu alipopata vidonda vya tumbo. Akaomba kadi, nikampa, kadi ya zamani ya manjano. Iliandikwa kwa kalamu ya bluu, na mwandiko haukuwa mbaya kiasi cha kutosomeka: wiki nane, kisha arudi kliniki. Tarehe ilikuwa ya miaka kumi na moja iliyopita.

Akauliza nani amekuwa akimpa. Nikasema mimi. Akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia.

Akaandika tu. Angenitukana ningepata pa kuishika hasira yangu. Amechukua damu.

Ijumaa, Mei 2

Majibu ya damu. Nilikuwa peke yangu, Kaka yuko kazini, Wifi alikuwa anamchana Mama nywele wodini.

Kuna vitamini, B12, inayolinda mishipa ya fahamu na ubongo. Ya Mama iko karibu na hakuna. Daktari alinieleza kwa mchoro, ingawa mchoro ule nimeuona kwenye semina: asidi ya tumbo ndiyo inayoibandua vitamini hiyo kutoka kwenye chakula. Ukiizima asidi mwaka hadi mwaka, kwa baadhi ya watu akiba inakwisha kimyakimya. Miguu inawaka, mwendo unayumba, akili inapotea njia. Nilijua haya. Nilifanya mtihani wa haya nikafaulu. Sikuwahi kuyaunganisha na droo ya cherehani.

Nikamuuliza kama ni vile vidonge vilivyomfanya hivi. Alisema hawezi kuniapia. Huenda ni vidonge, huenda ni vidonge pamoja na umri, huenda ugonjwa wenyewe wa kusahau nao umeshaanza pembeni. Ataanza sindano, vidonge atavipunguza kidogo kidogo hadi viishe, na baada ya wiki kadhaa tutaona kinachorudi. Kisichorudi, alisema, ndicho kilichoondoka kweli.

Nyani haoni kundule. Wiki saba nimemcheka mtu anayeandika choo.

Jumamosi, Mei 3

Hapa ndipo ninapojichukia, na nitaandika hivyohivyo.

Kaka alikuja jioni akauliza majibu. Nikamwambia Mama amepungukiwa vitamini. Nilikuwa nimevuta pumzi niendelee. Kabla sijaendelea alimgeukia mkewe. Amekosa vitamini? Si wewe unayempikia miaka yote? Uji na majani, uji na majani, mtu mzima analishwa kama sungura! Alisema maneno ambayo siyarudii, palepale koridoni, mbele ya wauguzi.

Wifi alinitazama. Hakuwa anajua habari ya vidonge, alitaka tu nimsaidie, niseme chakula chake hakikuwa kibaya. Nikasema nawahi usafiri kabla mvua haijazidi.

Nikaondoka. Nimetembea nayo hadi nyumbani, mvua ile.

Jumanne, Mei 6

Mama karudi kwake. Sindano siku moja ndiyo, moja hapana. Namchoma mwenyewe.

Alhamisi, Mei 8

Leo nitamwambia Kaka. Sikumwambia.

Jumatatu, Mei 12

Mteja ameomba vidonge vya asidi, boksi mbili. Nikamuuliza ametumia muda gani. Akasema ah, miaka. Nikamfokea hadi mwenye duka akatoka ofisini. Mteja akaniuliza mimi ni nani yake. Swali zuri. Nimeambiwa nikapumzike nyumbani siku mbili.

Alhamisi, Mei 15

Miguu haiwaki sana. Ametembea hadi getini bila kushika ukuta. Wifi amerudi kumhudumia, kwa sababu Mama alimwita mbele ya Kaka. Daftari limerudi msumarini. Ananisalimia, shikamoo ya Mama kwanza halafu habari yangu, vizuri tu, kama wateja wanavyonisalimia. Ningependa anitukane.

Jumanne, Mei 20

Amekata kaptula sita. Kushoto na kulia. Nimezihesabu mara tatu.

Lakini aliniuliza nimefika saa ngapi mara nne, na mara ya nne alikuwa na hofu machoni, kwa kuwa aliona usoni kwangu kwamba ameshauliza.

Jumatatu, Mei 26

Jana kilikuwa kikao. Mvua haikunyesha, siku ya kwanza.

Kaka alikuja na funguo za kile chumba, kimepakwa rangi, kina feni. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, hakutaka kingine. Kaka akasema Mama amepata nafuu, tumshukuru Mungu, lakini nafuu hiyo ndiyo sababu ya kumtoa mikononi mwa watu wasiojua kumlisha. Alisema akihamia kwake atamwajiri mpishi, na mkewe akae mbali na masufuria. Wifi alikuwa anaangalia mikono yake tu.

Nilisimama. Sikuwa nimejiandaa. Nilisema si chakula. Nikasema ni vidonge, nikasema ni mimi, nikasema wiki nane, nikasema miaka kumi na moja. Nikasema nilijua tangu tarehe mbili nikamwacha Wifi atukanwe koridoni. Kama Mama hataki tena nimguse, sitabisha. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nikasema, na huu sikujichoma mwenyewe, nimemchoma mama yangu. Sauti ilikuwa kubwa, nilikuwa na hasira kana kwamba nawasema wao.

Kaka alikaa chini. Sijawahi kumwona Kaka akikosa swichi.

"Wiki tatu, wifi," Wifi alisema. Hayo tu.

Mama alikuwa anazungusha gurudumu la cherehani kwa kidole, huku na huku. Nilidhani hajafuata mazungumzo. Kisha akasema:

"Kiungulia kiliisha mwaka uleule, mwanangu. Hata mwezi wa pili sikufika nacho."

Nikamuuliza sasa kwa nini aliendelea kunywa.

"Ulikuwa unakuja mwisho wa mwezi kuniletea dawa. Ningesema nimepona, ungekuja kufanya nini?"

Nilihesabu kichwani, siwezi kujizuia, miezi mia moja thelathini na kitu. Sikumbuki hata mmoja niliokuja bila mfuko mkononi. Na yeye kila asubuhi alimeza kidonge asichokihitaji, ili nisiache kuja. Nilitaka kumkasirikia kwa hilo, kweli nilitaka, kwa nini hukusema, kwa nini hukuniita tu kama watu wanavyoitana. Hasira ilikuja ikanikuta mimi ndiye niliyesimama mbele yake.

Mama akapanga mwenyewe. Anabaki kwake na cherehani yake. Wifi atakuja asubuhi, na Kaka akimfokea tena, ajue amemfokea mama yake. Mimi nije Jumatano na Jumapili, nije hivihivi, bila dawa. Alisema amenisamehe, akanishika kidevu kama alivyokuwa akinishika akinipima kola. Halafu akamwambia Kaka chumba akipangishe.

Nikamfuata Wifi nje nikamwomba msamaha. Alisema atanisamehe, ila si leo, leo ana kazi.

Jumatano, Mei 28

Jua. Nimeenda mikono mitupu. Mama amenifungulia, amenijua, amefurahi. Kisha akaniangalia mikono, akaangalia nyuma yangu, akauliza leo sijamletea dawa yake?

Nilidhani anatania. Kikao hakikumbuki. Hakumbuki hata neno moja la Jumapili.

Nikakaa chini nikamwambia upya. Alilia. Alisema kumbe ndiyo sababu ya miguu. Akanisamehe.

Jumapili, Juni 1

Dawa yangu iko wapi? Nimemwambia tena. Akaniambia niende nikapumzike, ataniita. Daktari anasema hiki ndicho kile alichoogopa, kilichobaki baada ya sindano. Kukata kitambaa kumerudi, na miguu imerudi. Mambo mapya hayakai.

Jumatano, Juni 4

Leo amesimama, akafungua mlango, akanionyesha njia kwa mkasi. Amesema mtoto aliyemzaa hawezi kufanya hivyo, mimi ni nani, nitoke. Majirani wamesikia.

Wifi alinikuta ukutani nje. Alinipa maji, tukasimama pamoja, mara ya kwanza tangu hospitali. Akasema si lazima nijitese hivi. Nimwambie tu dawa zimeisha dukani, atakubali, hatauliza, tutakunywa chai yetu kwa amani. Alisema kwa wema, na nilimkasirikia kwa wema huo, kisha nikajikasirikia kwa kumkasirikia.

Sitaki. Miaka kumi na moja nimeingia nyumba ile na kitu cha kumnyamazisha tumbo. Jumapili nitaingia bila kitu, atauliza dawa yake, na nitamwambia. Atasikia kwa mara ya kwanza.